Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Kijana aliyekuwa akizunguka na kitabu cha risiti kukusanya pesa za maji katika kikundi chetu, upande wa Sagalla, nje kidogo ya mji wa Voi, aliachishwa kazi kwa kushukiwa wizi. Hakuiba hata shilingi. Karatasi zilizomtoa kazini nilizichapisha mimi, na kosa lililokuwa ndani yake lilikuwa langu. Wanakikundi wameshaambiwa hivyo, na yeye ameshaombwa radhi mbele ya wale wale waliomshuku. Ninaandika kwa sababu wapo wengine ambao huenda kosa hilo hilo linawaumiza hadi leo bila wao kujua, na hao sina njia nyingine ya kuwafikia.

Kwanza nieleze maji yana uzito gani kwetu. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi, na maji yake husafiri kwa bomba hadi Mombasa. Huku chini ya milima, vijiji vingi hutegemea visima, matangi na miradi midogo ya wananchi wenyewe, na ndovu mwenye kiu haogopi kuvunja tangi wala kung'oa bomba. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Nilipofanya nilichofanya, mwishoni mwa 2022, mifugo ilikuwa ikifa, na nyumba iliyokatiwa maji ililazimika kununua kwa jerikeni kutoka kwa wenye mikokoteni. Katika hali hiyo faini ya shilingi 100 si kitu kidogo. Ni unga wa nyumba.

Mfumo wa bili niliuandika 2014 kwa lugha ya PHP. Kabla ya hapo katibu alikuwa na daftari kubwa lililopigwa mistari: jina, nambari ya mita, usomaji wa mwezi, malipo, deni. Mwanachama asiyedaiwa, katibu aliacha kisanduku chake cha deni kitupu, kama ambavyo mtu yeyote anayeandika kwa mkono angefanya. Niliyahamisha madaftari yale yalivyo. Safu ya deni niliiweka kuwa ya maandishi badala ya namba, kwa sababu mara nyingine katibu aliandika maneno humo, kwa mfano "amelipa nusu", nami nilitaka kazi iishe upesi. Hapo ndipo kosa lilipoingia, miaka minane kabla halijamdhuru mtu.

Kanuni ya kikundi ilikuwa kwamba anayevuka mwezi na deni anatozwa faini ya shilingi 100. Msimbo wangu uliuliza swali moja tu: je, deni ni sawa na sifuri? Likiwa sawa, mwanachama apite. Lisipokuwa sawa, faini iongezwe kwenye deni lake na SMS itumwe. Mstari wenyewe uliandikwa $deni == 0, basi. Na PHP ya wakati ule, ukiiuliza kama kisanduku kitupu ni sawa na sifuri, ilijibu ndiyo. Ilijibu ndiyo hata ukiiuliza kama neno "Wundanyi" ni sawa na sifuri, kwa kuwa ililigeuza neno kuwa namba kabla ya kulinganisha, na neno lisilo na tarakimu liligeuka sifuri. Niliijua tabia hiyo. Niliitegemea.

Desemba 2015 ikatoka PHP 7. Toleo hilo liliondoa kabisa kundi la amri za mysql_ ambazo mfumo wangu ulizitumia kuzungumza na hifadhidata. Siku seva ilipohamishwa, kila ukurasa ulikufa. Nilizirekebisha amri moja baada ya nyingine mpaka zikaisha, na mfumo ukarudi. Nilitoka pale na somo ambalo sasa naliona kuwa ndilo lililoniangusha: niliamini kwamba kisichopatana na toleo jipya hupiga kelele, na kwamba kelele zikinyamaza kazi imekwisha.

PHP 7.4 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 28 Novemba 2022. Maana yake, tundu lolote la usalama litakalogunduliwa baada ya siku hiyo halizibwi tena na waandishi wa lugha. Kampuni tuliyokodi seva kwake ilitutumia taarifa mapema, tena ikarudia. Mimi niliahirisha. Nilikuwa na kazi nyingine zilizolipa kuliko kikundi cha maji, na sina sababu bora kuliko hiyo. Muda ulipokaribia kwisha nikaingia usiku kwenye paneli ya seva, nikachagua PHP 8, nikabonyeza.

Kelele nilizozizoea zikaja. Maktaba ya PHPExcel, niliyoitumia kusoma na kutoa majedwali, ilikataa kabisa kufanya kazi. Waliokuwa wakiitunza walikuwa wameshaiacha miaka kadhaa nyuma na kutengeneza nyingine iitwayo PhpSpreadsheet, na walilitangaza jambo hilo hadharani. Ndani ya ile ya zamani, herufi moja moja za neno zilichukuliwa kwa kutumia mabano ya mikunjo, na PHP 8 imeyafuta mabano hayo katika matumizi hayo. Njia halali ilikuwa kuhamia maktaba mpya. Mimi nilifungua mafaili ya maktaba ya zamani nikabadilisha mabano kwa mkono pale ilipolalamika, kisha pale ilipolalamika tena. Halafu nikazima maonyo yote yasionekane. Kurasa zikafunguka, bili zikachapika, nikalala. Waraka wa mabadiliko ya toleo jipya sikuusoma. Unapatikana bure, na jambo lililotuumiza limeandikwa humo waziwazi.

Hapa Voi tuna reli mbili. Ya zamani, iliyofika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ina upana wa mita moja, na ndiyo iliyotoa tawi la kwenda Taveta wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine, na ukilijaribu kila mtu ataona kwamba limekwama. Nilidhani programu nazo ni hivyo. Lakini zipo namna mbili za kutopatana. Ipo ya behewa lisiloingia kwenye reli, na ipo ya behewa linaloingia, likaenda vizuri, likafika kwa saa yake, na mzigo ukashushwa kwenye kituo kisicho chake. Hii ya pili haitoi onyo lolote, hata kwa fundi ambaye hajazima maonyo.

PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, ilibadilisha jibu la lile swali langu. Pendekezo lilikuwa la Nikita Popov, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa lugha hiyo, na lilikuwa pendekezo la haki, kwa maana lugha inayokubali kwamba neno lolote ni sawa na sifuri huwapotosha wanaoitumia. Tangu toleo hilo, sifuri ikilinganishwa na maandishi yasiyo namba, sifuri ndiyo inayogeuzwa kuwa maandishi. Kwa hiyo kisanduku kitupu hakilingani nayo tena. Python nayo ilipita njia kama hiyo: katika Python 2, saba ikigawanywa kwa mbili ilitoa tatu, na katika Python 3 inatoa tatu na nusu, huku programu iliyoandikwa kwa kuitegemea ile tatu ikiendelea kukimbia bila kulalamika. Siwalaumu wanaotengeneza lugha. Walirekebisha kilichokuwa kibovu, wakasema wamerekebisha, wakatoa mifano. Aliyejenga juu ya ubovu ule ni mimi.

Bili za Desemba zikatoka. Waliowahi kudaiwa na baadaye wakalipa walikuwa na sifuri kwenye safu ya deni, kwa kuwa mfumo uliiandika walipomaliza kulipa, nao wakapita salama. Waliotozwa faini ni wale ambao kisanduku chao hakikuwahi kuguswa tangu daftari la katibu, yaani watu ambao kwa miaka yote hiyo hawakuchelewesha malipo hata mwezi mmoja. Wengi wao ni wazee, wanachama wa mwanzo, waliochimba mtaro wa bomba kwa mikono yao wenyewe.

Kuna jambo lililolificha kosa hili, na kila nikilifikiria kama fundi linaniuma upya. Aliyeipata SMS, akanung'unika, kisha akailipa ile mia ili apate amani, mfumo ulimwandikia sifuri na haukumsumbua tena. Aliyekataa kulipa asichodaiwa, mia yake ikawa deni la kweli machoni pa mfumo, na mwezi uliofuata ikaongezewa mia nyingine. Kwa hiyo kila mwezi idadi ya wanaolalamika ilipungua huku deni la waliobaki likikua, na waliobaki kwenye orodha ya wadaiwa sugu ni wale tu waliosimama kwenye haki yao. Mimi nilipoiona orodha inapungua niliridhika. Niliona ni dalili ya mfumo unaofanya kazi.

Wale wazee walikuwa na risiti, nao walizileta. Risiti ilisema mtu amelipa bili yote; mfumo ulisema bado anadaiwa. Risiti iliandikwa na yule kijana, mfumo niliuandika mimi, na kamati ilibidi imwamini mmoja wetu. Mwenyekiti aliniita akaniuliza mbele ya wenzake, "Fundi, hii kompyuta inaweza kukosea?"

Nilimjibu, "Mwenyekiti, kompyuta haikosei."

Nilisema hivyo bila kuangalia chochote. Sikuwa nimefungua rekodi hata moja ya waliolalamika. Kama ningekaa na mhazini tukajumlisha risiti zote za kijana na pesa alizozileta, tungeona zinalingana mpaka shilingi ya mwisho, maana upungufu haukuwa kwenye pesa zilizoingia bali kwenye madeni niliyoyazalisha mimi. Badala yake nilichapisha orodha ya wadaiwa na kuikabidhi. Wengi waliokuwemo walizoea kulipa taslimu mkononi mwake, na kamati ikahitimisha kwamba anapunguza pesa njiani. Akaambiwa arudishe kitabu cha risiti siku hiyo hiyo. Alipokuwa akitoka alinigeukia akasema, "Kaka, mimi sijachukua kitu. Angalia vizuri hizo karatasi zako." Sikuangalia. Nilijiambia kwamba uamuzi ni wa kamati, kazi yangu ni kutoa takwimu.

Baada ya yeye kuondoka faini ziliendelea kuongezeka, na nyumba kadhaa zikakatiwa maji. Hata hilo halikunishtua kama lilivyopaswa. Nilieleza kwamba ni madeni aliyoyaacha nyuma.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mzee wa Sagalla. Bili yake hulipwa na binti yake anayefanya kazi Mombasa, kwa M-Pesa, moja kwa moja kwenye nambari ya Paybill ya kikundi. Alishuka hadi mjini akiwa na simu yenye ujumbe wa kila malipo, akaketi mbele yangu.

"Mwanangu," akaniambia, "yule kijana mliyemfukuza hajawahi kuishika pesa yangu. Inatoka kwenye simu ya binti yangu inaingia kwenu. Sasa nieleze, aliniibia saa ngapi?"

Nilifungua rekodi yake akiwa amekaa pale. Malipo yake yote yalikuwemo, kamili, kila mwezi. Faini nazo zilikuwemo, ya kwanza ikiwa ya Desemba 2022. Kwenye mfumo wenyewe alama za mwanzo zilikuwa zimeshafunikwa, kwa hiyo nikaitafuta nakala ya akiba niliyoihifadhi kabla ya kuhamia PHP 8. Humo kisanduku chake cha deni kilikuwa kitupu. Nikamtazama aliyemfuata katika orodha ya wadaiwa: kitupu. Na aliyefuata: kitupu. Nilijua ni mstari upi kabla sijaufungua msimbo. Nikamwambia, "Mama, hukuwa na deni lolote. Kosa ni langu." Hakuonyesha furaha. Aliniuliza, "Na yule mtoto wa watu mtamwambia nini?"

Nchini Uingereza jambo la namna hii lilitokea kwa ukubwa wa kutisha. Mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu kwa ajili ya shirika la posta, ulionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo, na kati ya 1999 na 2015 mamia ya wasimamizi wa posta ndogo walishtakiwa na kuhukumiwa kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa. Ilibidi Bunge la huko lipitishe sheria mwaka 2024 ili hukumu hizo zifutwe kwa pamoja. Habari zake nilikuwa nimezisoma kabla ya mkasa wetu, nikawahurumia wale watu kwa dhati, na bado nilisimama mbele ya kamati ya kikundi cha maji nikatamka maneno yale yale yaliyowafunga.

Kazi niliyoikwepa haikuwa kubwa. Nilikuwa na nakala ya akiba na kompyuta yangu nyumbani. Ningeweza kuweka matoleo yote mawili ya PHP, la zamani na jipya, nikayalisha data ile ile ya Novemba, nikachapisha bili zote mara mbili na kuzilinganisha mstari kwa mstari. Tofauti zingejitokeza hapo hapo, jina kwa jina, kabla ya SMS hata moja kutumwa. Mafundi wenzangu mnaohudumia vyama vya akiba, shule na zahanati, naomba mlitie hili maanani kuliko mengine yote niliyoyaandika: msijaribu kama programu inafunguka, jaribuni kama inatoa jibu lile lile. Mengine nimeyafanya baadaye. Safu ya deni sasa ni ya namba na haikubali kuachwa wazi. Ulinganishaji nimeubadilisha uwe wa alama tatu za sawa, ambao hauruhusu maandishi kujifanya namba. Nimehamia PhpSpreadsheet, na maonyo yanaandikwa kwenye faili ninalolisoma. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji ujuzi ambao sikuwa nao mwaka 2022.

Niliomba mkutano wa wanachama wote, si wa kamati peke yake. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kusema kwamba mfumo ulipata hitilafu baada ya seva kuboreshwa. Kila neno humo lingekuwa kweli, na wasikilizaji wangeondoka na uongo. Nikayaacha. Niliwaambia kwamba nilibadilisha toleo bila kupima, kwamba nilipoulizwa nilijibu bila kuangalia, na kwamba kijana waliyemshuku alikuwa mwaminifu katika kila shilingi. Mzee mmoja alisimama akasema aliacha kumsalimia baba yake yule kijana tangu siku ile. Hakuniambia mimi, aliwaambia wenzake, kisha akaketi. Wengine nao walikuwa na ya kwao ya namna hiyo, na ilibidi nikae niyasikilize yote.

Faini zote zilirudishwa kwenye bili, na waliokatiwa walirudishiwa maji bila malipo. Pesa walizotumia kununua jerikeni hazikurudi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hesabu yake na mfuko wa kikundi usingezimudu. Kijana alikuwa ameshakwenda kutafuta kibarua upande wa Mwatate, kwenye mashamba ya mkonge. Tulimfuata mimi na mwenyekiti, tukampa barua ya kamati inayomsafisha jina na ya pili ya kumrudisha kazini. Mishahara ya miezi aliyokaa nje nilimlipa mimi. Alichukua barua ya kwanza, akasema anaichukua kwa ajili ya mama yake. Ya kazi aliturudishia.

Sasa niwafikie wale niliowataja mwanzoni. Katika miaka ya nyuma niliwapa watu wengi mfumo huu bure, kwenye flashi, kwa kuwa nilijivunia kazi yangu na nilitaka kusaidia. Nakala zilikwenda Mwatate, Bura, na hadi upande wa Taveta, na najua waliozipata waliwapa wengine. Sikuweka orodha. Baadhi ya nakala hizo bado zinakimbia juu ya PHP ya zamani, nazo zitaanza kutoza watu faini siku ile mtu atakapoboresha seva au kununua kompyuta mpya. Nyingine huenda zilishaanza.

Kama kikundi chenu kinatumia mfumo wa bili wenye safu ya deni iliyotokana na madaftari, msitazame orodha ya wadaiwa peke yake, kwa kuwa waliolipa faini wasiyostahili hawamo tena humo. Tafuteni faini zote zilizotozwa tangu kompyuta au seva ilipobadilishwa, mkazilinganishe na daftari la mkono la zamani na nakala yoyote ya akiba mliyonayo. Jina lolote ambalo kisanduku chake kilikuwa kitupu kabla ya mabadiliko, na likatozwa faini mara tu baada yake, mrudishieni mwenyewe faini hiyo. Msimlipe fundi yeyote kwa kazi hiyo. Waulizeni mafundi wa kompyuta mjini Voi, wananijua, nami nitakuja kuurekebisha mfumo kwa gharama yangu. Na kama tayari kuna mkusanyaji wenu aliyeondolewa kwa sababu ya orodha hiyo, niiteni kwenye mkutano wa wanachama yeye akiwepo, ili niwaambie wote kile nilichowaambia watu wa Sagalla.